Kitanzi cha Mguu

Enzi zetu, ndugu zangu wa rika langu, msimu wa kanga haukuanzia porini. Ulianzia juu ya paja. Namaanisha kanga ndege, yule wa madoadoa meupe na kichwa cha buluu, si kanga ya kujifunga. Kabla mtego wa kwanza haujaingia ardhini, mtu alikaa mkekani wiki tatu au nne akisokota katani kwenye paja mpaka ngozi inawasha kama imepakwa pilipili. Mimi nasema hizo wiki ndizo zilizokuwa msimu wenyewe. Porini tulikwenda kumalizia tu.

Sijui kama nakumbuka sawasawa. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo, na daftari hili ninaloandikia ni la mwanangu, nimelianzia nyuma. Anayekumbuka vingine anisahihishe. Ila mambo ya kusokota nina hakika nayo, kwa sababu msokotaji nilikuwa mimi.

Sisi tulikaa Barani. Wazazi wangu walikuja kutoka Ukambani wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Baba alipata kibarua cha chumvi Marereni, akawa anarudi nyumbani Jumamosi mchana, nyayo zimepasuka, na mfuko wa suruali umejaa chumvi ya mawe ambayo Mama aliipokea kama mtu aliyeletewa sukari. Mama mwenyewe alisuka vikapu vya katani. Kabla sijajua kuandika jina langu, nilijua kusokota uzi mwembamba usiokatika. Huo ndio ujuzi uliofanya wavulana wawili wanikubali kwenye kikosi chao cha kuwinda. Ingekuwa si paja langu, wasingenitazama.

Wa kwanza ni Katana, Mgiriama, tuliyekuwa naye darasa moja. Kwao kulikuwa nyuma yetu, kule mikorosho inapoishia na vichaka vinapoanza. Katana alikuwa na macho. Alitazama vumbi akasema kanga wameoga hapa asubuhi, wako kumi na kitu, na mmoja anachechemea. Sikuwahi kumthibitisha huyo anayechechemea, lakini kumi na kitu walikuwa kweli.

Wa pili ni Athumani, wa Shella. Babake alikuwa baharini muda mwingi, na mamake, Bi Rukia, alipika mahamri na mbaazi za asubuhi. Athumani alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, na kisu kilikuwa chake. Nitaeleza kwa nini.

Mnakumbuka upepo wa kaskazi unapokaribia kwisha, jinsi madimbwi yanavyokauka moja moja mpaka linabaki moja? Kanga hukusanyika hapo kundi zima. Mvua za masika zikipiga wanatawanyika wawili wawili kwenda kutaga, na hapo kwetu kuwinda kulikwisha, hata kama mtu hajapata kitu. Mitego ilikusanywa siku ya mvua ya kwanza. Hakuna aliyeturuhusu na hakuna aliyetukataza. Najua siku zile kuwinda wanyama kulikuwa kumepigwa marufuku. Kuhusu ndege sheria ilisemaje, sisi watoto hatukuuliza, na sijivunii kutouliza.

Basi matayarisho yalikwenda hivi. Katana alikata majani ya makonge kwenye ua mkuukuu, tukayapara kwa kipande cha bati mpaka zikabaki nyuzi. Tukaziloweka, tukazianika, nikasokota. Kisha tukazipaka tope na masizi zisimetemete juani. Kambi yetu ilikuwa uwani kwa Bi Rukia, kwa sababu kwetu Mama angeichukua ile katani akasukie vikapu. Bi Rukia alitupa kona nyuma ya jiko, na mahamri yaliyovunjika, na kuku.

Huyo kuku nisimsahau. Alikuwa jike jekundu, na kazi yake ilikuwa kujaribia kamba. Kila kamba nikishaimaliza, Athumani alimfunga mguu, tukamtisha arushe mateke. Kamba ikikatika, narudia. Ikishika, inaingia kapuni. Baada ya wiki moja yule kuku alituzoea. Akiniona natoka na kamba, analala chini mwenyewe na kunyoosha mguu, asirushe hata teke. Tukabaki hatujui kama kamba ni imara au kuku amechoka. Bi Rukia alicheka mpaka akashika mlango. Akasema kuku wake ameajiriwa na hajalipwa.

Siku tatu kabla ya kutega, sabuni ilikuwa mwiko. Katana alisema kanga ananusa sabuni ya mche toka ng'ambo ya shamba. Tukaoga maji matupu, tukaenda shule tunanuka masizi, mwalimu akatuhamishia dirishani. Miaka mingi baadaye niliambiwa ndege wengi hawanusi sana. Kwa hiyo huenda tulinuka bure. Lakini nasema huenda, kwa sababu Katana alikuwa sahihi kwa mengi.

Kulikuwa pia na kuwalisha. Kila jioni Katana alimwaga mtama kidogo karibu na lile dimbwi la mwisho, bila mtego wowote, kanga wapazoee. Mimi na Athumani tulikuwa na yetu mjini: michezo ya kombolela na nage, na maziwa ya shule ya pakiti ya pembe tatu ambayo ukiikanyaga ikiwa tupu inalia kama bunduki. Katana alikuwa peke yake kule na kanga wake, anarudi akisimulia kama mtu aliyetoka kwa wajomba.

Sasa nieleze kisu. Kuna kitanzi cha shingo na kuna kitanzi cha mguu. Cha shingo unakisimamisha wima kwenye mwanya wa vijiti, kimo cha shubiri moja. Kanga anapita, kichwa kinaingia, ufito uliopindwa unafyatuka, amekwisha. Hakikosei. Kwa kina Katana ndicho walichotega tangu zamani, na kwetu pia ndege wa namna hiyo angeliwa. Cha mguu unakilaza chini, unakifunika vumbi, na ufito unaupinda kidogo tu. Kinamshika mguu na kumweka hapo hai mpaka ufike. Kinakosa mara nyingi, maana mguu wa kanga ni mwembamba na anajua kuuchomoa.

Athumani hakuweza kula nyamafu. Alituambia siku ya kwanza kabisa, bila kutuona vibaya: mkitega shingo nitawasaidia kutega, lakini kula nitakula mahamri. Katana akanung'unika kwamba kwa mguu tutapoteza nusu. Alikuwa na haki, tulipoteza zaidi ya nusu. Lakini alikubali. Ikawa ndiyo kanuni ya kikosi: vitanzi vyote vya mguu, tunakagua jua linapochomoza, na Athumani ndiye anayechinja, sote tule chungu kimoja. Ijumaa ilikuwa ya Athumani, Jumapili yangu, kwa hiyo tulitega Ijumaa alasiri tukakagua Jumamosi.

Miaka miwili nilisokota tu, sikwenda. Mwaka wa tatu nikagoma. Nikawaambia kamba ni zangu, na mimi nataka kutega. Wakanong'onezana, wakarudi na hukumu, na sitasema haikuwa ya haki. Nitapewa mtego mmoja. Mtego ukikamata, mwaka ujao nakuja kama wao. Usipokamata, narudi mkekani na sitadai tena. Katana akaongeza kwamba mtego wa msichana utakamata majani.

Ijumaa ile tukatawanyika kando ya dimbwi, kila mtu na mahali pake. Nikachimba kishimo changu, nikapinda ufito, nikalaza kitanzi. Nikakitazama. Kilionekana kidogo sana pale chini, kama kitu kilichodondoka. Nikafikiria mguu mwembamba ukichomoka, na mwaka mwingine mkekani, na wa baada ya huo.

Ningependa kuandika kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Nilichomeka vijiti viwili, nikakisimamisha kitanzi wima, shubiri moja, kama nilivyomwona Katana akionyesha zamani, nikaupinda ufito mpaka chini. Nilijiambia labda atanaswa mguu vilevile. Sikuamini wakati najiambia.

Asubuhi tulitangulia jua. Mtego wa Katana ulikuwa umefyatuka, umeacha unyoya mmoja. Wa Athumani haukuguswa. Katana akasimama kuuchunguza wake, Athumani akabaki nyuma akikunja kamba, nami nikakimbilia wangu.

Alikuwepo. Mkubwa, mnene, shingo ndani ya kamba yangu, miguu imenyooka. Nikamshika. Alikuwa na joto bado. Nikalegeza kitanzi, nikakivuta kichwani, nikaving'oa vijiti viwili nikavitupa. Niligeuka nikamkuta Katana amesimama.

"Amekufa," akasema.

"Ana joto."

Akaitazama shingo, akaitazama miguu, ambayo haikuwa na alama yoyote. Hakupiga kelele. "Mtego wako," akasema. "Wewe mwenyewe sema."

Athumani alikuwa anakuja mbio, kisu mkononi, akicheka toka mbali kwa sababu alikuwa ameona manyoya. Akauliza, "Yu hai?"

Mkono wangu mmoja ulikuwa chini ya bawa. Niliusogeza kidogo, bawa likatikisika. "Yu hai. Wahi."

Akapiga magoti, akamwelekeza kibla, akasoma Bismillahi, akachinja. Damu ikatoka kidogo, ikasita. Athumani akabaki ameinama vile. Akafuta kisu kwenye majani, pande zote mbili, polepole, kisha akaninyanyulia uso.

"Alikuwa hai, Mwende?"

"Alikuwa hai."

"Haya," akasema. Akasimama, akamwinua kanga juu ya kichwa chake kama kikombe cha mpira, akatangaza kwa miti yote kwamba Mwende ameingia kikosini. Njia nzima mpaka Shella alinisifu. Katana alitembea nyuma yetu. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Bi Rukia alinipokea kama mwanawe aliyepasi mtihani. "Marahaba, mwanangu, marahaba, na mkono huo uishi," akaniambia nilipomwamkia. Akammwagia kanga maji ya moto, tukamnyonyoa, manyoya ya madoa akampa bintiye mdogo achezee. Wakati wote huo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilipokuwa nashika bawa. Alipokuwa anatwanga thomu na tangawizi. Nilipokuna nazi, maana alinipa mimi mbuzi nikune, na nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu. Kanga wa porini ni mgumu, hukaa motoni muda mrefu, na kila dakika ya muda huo ilikuwa yangu na niliiacha ipite. Tui likaingia. Ndimu ikakamuliwa. Harufu ikajaa ua mzima.

Mkeka ukatandikwa. Tukanawa. Bi Rukia akapakua wali kwenye sinia, akamimina mchuzi, akachukua paja zima akaliweka upande wangu. "La mwenye mtego," akasema. "Leo sote twala kwa mkono wa Mwende." Kisha akamkalisha yule bintiye mapajani, akakunja kidonge cha wali.

Ni yule mtoto. Alikuwa ameshafungua kinywa.

"Mama, msile," nikasema.

Bi Rukia akasimamisha mkono. "Kwa nini?"

"Nilimkuta amekufa. Nilitega shingo. Athumani hajui. Mimi nilimwambia yu hai."

Yule mtoto akadai kidonge chake. Bi Rukia akakirudisha siniani, akamgeukia mwanawe. Athumani alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nilimuuliza, Mama," akasema. "Akanambia yu hai."

"Basi wewe huna kosa." Akamtazama Katana. "Na wewe bwana?"

"Nilimwona," Katana akasema. "Nikasema mtego si wangu."

"Aha. Basi na sufuria si yako, lakini utaiosha. Na sinia. Mpaka nijione uso."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nangoja kofi, na kusema kweli ningelipendelea. Bi Rukia akaisogeza sinia kando. "Umechelewa, mwanangu," akasema. "Umeniharibia nazi mbili na asubuhi yangu. Lakini umesema kabla mkono haujafika kinywani. Hukuchelewa kabisa."

Akakirudisha chakula chote chunguni, akakifunika kwa kawa, akanikabidhi nipeleke kwetu, ambako kingelika. Nilitembea toka Shella mpaka Barani nimejitwika harufu nzuri kuliko zote za maisha yangu, nikilia.

Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa na msemo wake kila Jumapili akiondoka kurudi Marereni: "Nikiwa huko siyaoni ya hapa. Nyinyi ndio macho yangu." Siku ile hakuhitaji kuutamka. Alinisikiliza akiwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akamtazama Mama. Mama akainuka. Akatoka nje, akasikika akikimbizana na kitu, akarudi na jogoo wetu pekee, ameshikwa miguu, anapiga mabawa na kulia kama anaibiwa. Akanipa. "Rudi," akasema. "Huyu wamwone wenyewe."

Sijui kama mmewahi kupita mtaani Jumamosi alasiri na jogoo wa namna ile. Shella nzima ilijua nimefika. Bi Rukia alitoka mlangoni, akanitazama mimi, akamtazama jogoo aliyekuwa anamrukia shela yake, na ile hasira yote aliyokuwa amejizuia nayo ikageuka kicheko.

"Athumani," akaita ndani, "njoo na kisu. Huyu hana haja ya kuulizwa."

Athumani alichinja. Hakucheka. Tulikula, na nyama ilikuwa laini. Tulipomaliza alinisindikiza mpaka njia panda, akaniambia kwamba mtego ule hauhesabiki. Nikasema najua. Nikarudi mkekani, nikasokota kamba zao mpaka mvua ya kwanza.

Mwaka uliofuata, upepo ulipoanza kulegea, wakaja wote wawili na mzigo wa katani. Nikaupokea nikaanza kazi. Athumani akakaa pembeni akimtafuta yule kuku mwekundu kwa macho, kisha akasema kama anayezungumza na kuku, "Sokota na wako pia." Ijumaa ya kutega, Katana alitaka apite kukagua kitanzi changu kabla hatujaondoka, na sikumlaumu, ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Athumani akamzuia kwa mkono. "Wake hauangaliwi," akasema.

Nilikilaza chini, nikakifunika vumbi. Msimu mzima sikukamata hata jani.

Siku hizi pale dimbwini kuna nyumba za ghorofa za kupangisha, na kanga niliowaona mara ya mwisho walikuwa wamechorwa kwenye ukuta wa hoteli. Kijana wa dadangu aliniomba nimfundishe kutega, nikaanza na katani, baada ya dakika tano akaniuliza kama hakuna kamba ya kununua. Nikamwambia ipo. Akatafuta kwenye simu namna ya kusokota, mtandao ukakatika, na msimu wake ukaishia hapo. Nisiwaonee. Wanajua mambo ambayo mimi yananipita. Lakini kuku wao anatoka dukani amekatwakatwa ndani ya karatasi ya nailoni, na sijamsikia hata mmoja akiuliza alikufaje, wala nani alikuwepo. Sisi tuliuliza. Mtu alikutazama usoni akauliza, na jibu lilikuwa juu yako.

Katana tumemzika. Bi Rukia naye, Mungu amrehemu, sufuria yake ninayo mimi. Athumani yupo, ana ndevu nyeupe, na kila akipita Barani huingia kwangu kula. Mara ya mwisho nilipika kuku wa kupaka, na kabla hajanawa nikaanza kumweleza ni nani aliyemchinja, na kwamba nilisimama hapohapo nikaona. Athumani akatabasamu, akavuta sinia. "Sikukuuliza, Mwende," akasema, akala.

Hajaniuliza tena tangu asubuhi ile. Watu wataona hiyo ni heshima kubwa, nami naona hivyo. Sijui hata leo kama alijua, alipokuwa anafuta kile kisu polepole vile. Lakini nikimtazama anavyokula natamani ainue uso mara moja tu aniulize lile swali lake, nipate kumjibu.